PSP Go au 3000?

Dogo umeuliza pale kwa jamaa wa Ngamiani ubebe PSP Go au PSP 3000, zile mashine za gemu za mkononi za Sony, mi ningebeba 3000 wala nisingejiuliza. Go ilivyotoka 2009 ilikua kali kweli, ndogo, unasukuma kioo kinapanda juu, memori ya ndani GB 16, ila sehemu ya diski haina kabisa, kila gemu mpaka uidaunilodi, na lile duka la kununulia gemu kwenye PSP yenyewe Sony walishalifunga 2021 sasa hapo utajaza nini? 3000 unatia diski ya UMD, kile kidiski kidogo cha gemu za PSP, unacheza, bando haihusiki, gemu ukiichoka unabadilishana na mshkaji ama unauza. Betri nayo unachomoa mwenyewe, ya Go imefungiwa ndani. Kasoro ya diski inakula chaji na ina kikelele flani, halafu huku Tanga na chumvi ya bahari hii PSP usiiache dirishani, lenzi inayosoma diski itakuja kugoma. Kabla hujatoa hela jaribu diski mbili hapohapo, na muulize memori kadi ipo maana bila hiyo husevu kitu, utaanza upya kila siku.