Weita mpya, usiuze waini nyekundu kama hujaionja na chakula mdomoni

Nimekuwa weita hapa Nairobi miaka tisa sasa, sita kati ya hiyo kwa restorani ya Kiitaliano upande wa Westlands, na kila mwaka tunaletewa vijana wametoka kozi ya hoteli, wanajua kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, wanajua kukunja kitambaa cha meza kama ua, lakini kastoma akiuliza tu "nikunywe nini na hii lasanya" wanakimbia kunitafuta jikoni. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa hivyo. Wengi wetu tumekulia nyumba ambapo divai ni ile ya kanisani, na kama hujapata komunyo unaiona tu kwa mbali.

Wacha niwaambie kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza pale, mzee mmoja alikuja na mke wake, wakaketi dirishani, akaitisha penne arrabbiata, ile pasta ya nyanya, kitunguu saumu na pilipili kavu, akaniambia nimchagulie waini nzuri. Mimi kichwani nzuri ilikuwa ile ya bei, nikampelekea Barolo, si ndiyo watu huita mfalme wa waini za Italia? Nikafungua, nikamimina, nikajiona mimi ndio mimi. Dakika kumi hivi ananiita polepole, "kijana, hii kitu ni kali na inaniwasha." Nikaenda nayo nyuma nikaonja, haikuwa na shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi. Na sehemu ya ile chupa ilikatwa kwa mshahara wangu, hiyo sitaongezea.

Barolo inatoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, ni zabibu za Nebbiolo peke yake, na kisheria haiuzwi kabla ya kukaa miezi 38, na 18 kati ya hiyo lazima iwe ndani ya mbao. Hata ikae hivyo bado inabaki na tanini nyingi na alkoholi ya asilimia 14 hivi. Tanini msiitafute kwa vitabu, chukueni strungi iliyosahaulika na majani ndani mpaka ikawa nyeusi, kunyweni bila sukari, ile kukauka kwa ulimi na ufizi ndiyo tanini. Sasa pilipili ikikutana na alkoholi moto unazidi, mdomo umeshawaka na tanini inakuja kukwaruza palepale. Lakini hiyohiyo Barolo ukiinywa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa masaa mengi ikalainika na mafuta yake, ama na kipande cha jibini kavu la parmesan, unadhani umebadilishiwa chupa, juu tanini inashikana na protini na mafuta ya chakula inakuachia ulimi.

Hii nilifundishwa na dada mmoja wa Malindi aliyekuwa mkubwa wetu kwa mambo ya waini, alikuwa amefanya kazi na Waitaliano huko kwao miaka na Kiitaliano anakiongea kama Kigiriama. Jumatatu moja watu walikuwa wachache, akatukalisha sisi wanne meza ya wageni, shefu akapika, na akaweka chupa nne za nyekundu za Italia: Barbera, Chianti Classico, Montepulciano d'Abruzzo na Amarone. Sheria yake ilikuwa moja. Onja waini kabla ya kula, uma chakula, meza, halafu onja tena. "Usiniambie ni tamu ama si tamu, niambie imebadilika nini."

Tukaanza na pizza ya margherita, ile ya nyanya na jibini. Barbera ikiwa peke yake nilikunja uso, ilikuwa chachu kama embe bichi la kando ya barabara, lile la chumvi na pilipili. Nikauma pizza, nikaonja tena, uchachu wote umeenda wapi? Nyanya nayo ni chachu, kwa hivyo ukileta waini yenye asidi kidogo kuliko chakula, waini inakufa, inakuwa kama maji ya kusuuza glasi. Hapo ndipo nilielewa kwa nini pasta ya nyanya huitisha Barbera ama Chianti, na kwamba yule mzee wangu wa arrabbiata angefurahi na Barbera ya bei ya chini kabisa, tena imepoa kidogo.

Chianti Classico, ile ya jogoo mweusi kwa shingo ya chupa, inatoka Toscana na lazima iwe angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese. Tulikunywa na steki ya mfupa iliyochomwa kwa makaa, ikawekwa chumvi na mafuta ya zeituni tu, na mimi nikafikiria mbuzi choma wa Kenyatta Market na kachumbari, nyanya iko, mafuta iko, moshi uko. Nilijaribu baadaye nyumbani na inakubali, ila pilipili ya kachumbari punguza.

Amarone ndiyo ilitushangaza. Zabibu zake hukaushwa miezi mitatu minne kabla ya kukamuliwa, maji yanapungua sukari inabaki, ndiyo maana alkoholi yake hufika 15 na kupita. Na margherita ilikuwa vita, pizza ilipotea kabisa. Na jibini iliyokomaa, kimya mezani. Montepulciano ndiyo haikugombana na mtu, ilikubali kila sahani, hiyo ndiyo ya kuuzia meza ya watu sita walioitisha vitu sita.

Halafu akaleta tiramisu, ile keki laini tamu ya Kiitaliano, akatuambia tukunywe Chianti juu yake. Ni kama kunyonya ndimu! Chakula kikiwa na sukari kuliko waini, waini inakuwa chachu na chungu. Samaki pia tulijaribu, nyekundu na samaki inaweza kuacha ladha ya chuma, kama umelamba sarafu.

Kitu kingine cha kuwaponza: Montepulciano ni mbili. Kule Abruzzo ni jina la zabibu, kule Toscana ni jina la mji, na waini yake, Vino Nobile di Montepulciano, inatengenezwa zaidi na Sangiovese. Kastoma akiitisha moja ukamletea nyingine, tofauti ataiona kwanza kwa bili.

Lakini majina yasiwatishe, hapa sisi Waswahili tuko mbele. Vokali zao ni zetu. Ch yao ni k, kwa hivyo Chianti ni Kianti na bruschetta ni brusketa, gn ni ny, kwa hivyo gnocchi ni nyoki, na c ikifuatwa na i ama e ni ch yetu, Montepulchano. Nimesikia wazungu wa London wakisema "brusheta" na mimi nikirudia oda yao vizuri bila kiburi, kiburi kidogo tu.

Ile waini kidogo unayommiminia mwenye kuitisha, humuulizi kama ameipenda. Unampa akague kama chupa imeharibika. Koki, kile kizibo cha chupa, ikiwa mbovu waini inanuka kadibodi iliyonyeshewa, ukisikia hiyo harufu usibishane, toa chupa. Nilibishana siku moja, meneja akaja akanusa mara moja tu, na kule kuomba msamaha kwa meza ya wageni wanane sitaki kukumbuka.

Joto nalo. Watu husema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, lakini chumba cha mawe huko Ulaya zamani, si rafu yenu juu ya oveni ya pizza. Inatakiwa digrii 16 mpaka 18. Ikiwa na joto sana alkoholi inakupiga puani hata hujui unanusa nini. Dakika kumi kwa ndoo ya barafu zinatosha, usiogope kuchekwa.

Na wale wa "niletee nyekundu tamu", ambao Nairobi ndio wengi, msiwadharau. Primitivo ya Puglia kwa kawaida si ya sukari nyingi lakini matunda yake yameiva sana na ni laini, wengi huikubali. Akikataa, mpe anachotaka, ni pesa yake.

Pesa ya kujifunzia najua hakuna. Chupa ni mililita 750, mkiwa watano kila mmoja anapata 150, changeni. Sisi bado tunafanya hivyo Jumatatu baada ya shifti, chupa mbili tumezifunga na karatasi ya kaki jina lisionekane, margherita moja katikati, na ndoo ya kutemea, mtumie kweli. Mwenye piki aiache kazini arudi na matatu, juu wale polisi wa alkobloo, kile kipimo cha pombe barabarani, hawaulizi kama ulikuwa masomoni.