Re: Nesi wa miaka sita, nafika Ujerumani naambiwa niogeshe wagonjwa?

Dada, pole, ila si dharau. Huku kuogesha na kulisha ni kazi ya nesi mwenyewe. Hakuna shangazi wa mgonjwa anayekuja na chupa ya uji na beseni kama nyumbani. Mimi pia iliniuma, mpaka nilipomwona mkuu wa wodi yetu anatandika shuka.

Kinachokubana ni cheti. Kabla hakijatambuliwa rasmi unahesabiwa msaidizi, na mshahara ni wa msaidizi. Utafanya kozi ya kujazia au mtihani.

Halafu lugha. B2, kile kiwango cha Kijerumani tunachotakiwa kufikia, inakupa karatasi, lakini makabidhiano ya zamu alfajiri ni vifupisho na lafudhi za kijijini. Beba kidaftari. Na usiitikie tu "ja, ja" (ndiyo, ndiyo) kwa adabu zetu hata kama hujaelewa. Siku moja niliitikia hivyo, kumbe naambiwa mgonjwa wa chumba cha pili asile, ana upasuaji. Nikampelekea mkate na siagi. Upasuaji ukaahirishwa, nami nikaitwa ofisini.

Kuhusu mkataba wa kazi ulioutaja: kabla hujasaini, soma kile kipengele cha kumrudishia mwajiri gharama zake ukiacha kazi mapema.