Wingu la Julai halizidishwi kwa 110

Msomaji wa Nairobi ameuliza kwa nini laksi (lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaoonekana, kwa mita ya mraba) anazokokotoa kutoka kwenye pairanomita, kifaa kinachopima mionzi ya jua kwa wati, ni pungufu kuliko za kipimo cha mwanga kilichokaa kando yake, hasa asubuhi zile za Julai zisizo na jua. Anazidisha kila wati kwa lumeni 110. Kosa liko hapo, na wengi wenu mnalo.

Maji ya wingu humeza infraredi, mionzi ya joto isiyoonekana, kuliko mwanga unaoonekana. Pairanomita inaihesabu infraredi, jicho haliioni. Wati zikipungua hivyo, kila moja inayobaki hubeba lumeni nyingi zaidi.

Anga likifunga kabisa, tumia fomula ya mtafiti Perez na wenzake ya 1990, kundi la kwanza kati ya manane ya hali ya anga, lile la anga lililofunga: lumeni kwa wati = 96.63 − 0.47W + 11.50 cos Z − 9.16 ln Δ. W ni mvuke wa angani kwa sentimita, Z ni pembe ya jua kutoka utosini. ln ni logi asilia. Δ ni mionzi iliyotawanyika (chini ya wingu zito ndiyo yote inayosomwa na pairanomita), mara njia ya hewa (1 ÷ cos Z), gawanya kwa mionzi iliyo nje ya angahewa, ambayo Julai ni kama wati 1,317 kwa mita ya mraba.

Adhuhuri ya katikati ya Julai Nairobi, Z ni karibu nyuzi 23. Weka W = 2. Wati 250 kwa mita ya mraba zinatoa Δ ya 0.206, na jibu ni lumeni 121 kwa wati: laksi 30,000 na ushei, si 27,500. Wingu likizidi hadi zibaki wati 100, jibu linapanda hadi lumeni 129 kwa wati.

Kabla ya kuzidisha, tazama usomaji wa usiku. Pairanomita ya joto husoma chini ya sifuri kwa wati chache usiku wa anga wazi, lakini chini ya wingu pengo hilo hupungua; ongeza zile tu zilizosomwa usiku wa wingu. Ya silikoni, iliyopimwa kiwandani chini ya jua kali, huelekea kuzidisha wati kukiwa na wingu, kwa hiyo laksi nazo zitavimba. Na wastani wa saa nzima ambayo jua lilichungulia dakika kumi usiuingize kundi hili hata kidogo.

Dirisha la wima halipati nusu ya mwanga wa paa. Anga lililofunga hung'aa utosini mara tatu kuliko kwenye upeo, kwa hiyo kioo hupata takriban asilimia 40: laksi 12,000 katika zile 30,000, kabla ya kuongeza mwanga unaorudishwa na ardhi.