Mama mkwe anakuletea wateja, nawe unamwita mnyonyaji

Fundi wa Tabata ameniandikia. Ana miaka 31, anashona nguo za kina mama barazani kwake, peke yake, mwaka wa nne sasa. Anasema biashara ameijenga kwa mikono yake, ila mama mkwe anaiua: kila mwezi anamletea wenzake wa kikoba kutoka Buguruni, wanalipa elfu 15 kwa mshono wa elfu 25. Anataka mumewe amzuie mama yake, na anawaza kukopa akapange fremu Kariakoo, awe mbali nao.

Pole mwanangu. Cherehani inakula mgongo na macho.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Mwanzoni umejijenga mwenyewe. Huko chini, ukilalamikia mashine kukata uzi, ukaponyokwa: "hii ya zamani aliyotupa mama." Mama yupi? Huyo huyo! Ile kazi ya sare za harusi iliyokupa pesa ya ovaloki, aliyekuunganisha ni wifi yako. Nyuzi na zipu anakufuatia mumeo Kariakoo alfajiri, kabla hajaingia kazini. Hiyo "peke yangu" iko wapi?

Kuhusu kina mama wa kikoba umeandika "wengine wamerudi wenyewe," ukapita haraka. Mimi nasimama hapo hapo. Wamerudi kwa bei gani? Na mabinti zao? Mwanamke wa kikoba anakutana na wenzake kila wiki. Gauni likimkaa vizuri ataulizwa fundi ni nani, naye atakutaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Halafu kuna shoga zako uliowashonea kwa mkopo, mwezi wa tatu sasa hawajalipa hata senti. Hao hukuwaita wanyonyaji. Wazee wanaolipa elfu 15 mkononi ndio wabaya, kwa sababu wamekuja na mama mkwe.

Mabinti wa siku hizi mnaingia kwenye ndoa mmeshaambiwa ukweni ni vitani. Zamani mke akianza kukaanga maandazi, wateja wa kwanza ni ukweni kwake, nao hawanunui kwa njaa. Wanamshika mkono. Leo mkono huo huo mnauona unakuja kupora, na inaniuma, maana wengi mnabaki na biashara changa isiyo na mtu wa kuisemea.

Mama mkwe wako hana kosa. Wewe ndiye hukuweka kipimo. Mwambie mwenyewe, kwa heshima, bila kumtuma mumeo: "Mama, kila mwezi nitawashonea wenzako watatu kwa bei ya nyumbani, wengine bei ya kawaida." Mtu aliyekupa cherehani ataelewa.

Fremu acha kwanza. Kariakoo watakudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, utakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, nao hupewa kwa vikundi. Kikundi utakipata wapi ukiwafukuza wanaokujua?

Jumapili hii nenda Buguruni na futi yako ya kupimia. Katika barua yote hukutaja hata gauni moja ulilomshonea mama mkwe. Anza na lake, na usipokee hela yake.