Barua kwa mwanangu: nani atasimama mlangoni?

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Jumapili uliniuliza swali kwenye simu nikakuomba muda, kwa sababu mama yako alikuwa amekwisha nyosha mkono kuitaka simu. Uliuliza hivi: Papa, je, dunia inaweza kuwa na serikali ambayo nchi na jamii zinajiunga nayo kwa hiari, kila jamii ikaendelea kujiamulia mambo yake, na wote wakachangia kodi ya haki katika mfuko mmoja? Ulisema huko Brussels mmelibishania jambo hili wiki tatu, na ulitaka kusikia mtu wa Katuba anasemaje.

Nimelala na swali lako siku nne. Habari ya kujiunga kwa hiari hainisumbui sana. Watu hujiunga, nimewaona wakijiunga kwa vigelegele. Ninachokiogopa ni siku ya baadaye, pale mmoja wao anaposhindwa kulipa na mwingine anatumwa kusimama mlangoni. Mimi nilisimama mlangoni, mwanangu. Unajua mwaka gani.

Mambo ya primu, ile pesa ambayo wazazi waliwalipa walimu, unayakumbuka kama mtoto tu, acha nikupe upande wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa Zaire ulikuwa umekwisha kabisa. Noti ulizopokea Ijumaa hazikununua Jumatatu hata nusu ya bunga. Tuligoma, shule zikafungwa, na mwishowe wazazi nchi nzima wakakubaliana na Kanisa kwamba watawalipa walimu wao wenyewe. Pale kwetu mkutano ulifanyika uani, chini ya mwembe. Hakuwepo burugumesta, mkuu wa komini, wala askari. Mzee mmoja aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, alisimama akasema, "Serikali imelala, watoto wetu hawawezi kulala nayo," na mikono ikanyoshwa yote, hata ya wakina mama waliokuja na mabeseni yao kutoka sokoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba leo nimeona nchi ikizaliwa uani. Nilikuwa na furaha ya kweli, na hata leo siikani furaha ile.

Kila mtoto alitozwa sawa, mtoto wa mfanyabiashara wa lori na mtoto wa mjane. Tuliona ndiyo haki, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuhesabu. Babu yako, angekuwa hai, angetucheka. Yeye aliijua kodi ya kichwa ya Wabelgiji: kila mwanaume mzima atoe kiasi kile kile, kwa fedha taslimu, awe na shamba kubwa au mikono mitupu. Kodi hiyo ndiyo iliyomtoa kijijini ikampeleka Union Minière, kwenye migodi ya shaba ya Wabelgiji, maana kule kijijini fedha haikuota. Na sisi, wajukuu wa kodi ya kichwa, tukaitungia watoto wetu kodi ya kichwa, tena kwa hiari yetu.

Kisha pesa zikaanza kupanda. Sehemu moja ya primu ilibaki shuleni, nyingine ilikwenda ofisi ya juu yetu, nyingine ofisi ya juu ya ile, na kila ngazi ilichukua chake. Wazazi walidhani wanamlipa mwalimu. Walikuwa wanalipa ngazi nzima.

Basi ikafika muhula wa pili wa mwaka wa 1996. Direkteri alinipa orodha ya majina kumi na moja akaniambia nisianze somo mpaka hao watoke. Nilisimama mlangoni nikayasoma. La saba lilikuwa la mtoto wa mama muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wa soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, yule aliyekuwa anakuongezea kiganja kimoja bure ukienda kununua. Mtoto alikusanya vitu vyake polepole, akafika mlangoni, akaniuliza, "Mwalimu, nirudi saa ngapi?" Nikamwambia arudi na pesa. Hayo tu.

Kesho yake mama yake akaja, beseni kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maombi. Hakuomba kitu. Aliniambia, "Mwalimu, siku ya mkutano mimi nilinyosha mkono, na leo sikatai. Lakini zile nilizoleta muhula wa kwanza zilikwenda wapi? Nionyeshe daftari." Daftari la waliolipa nilikuwa nalo. La pesa zilikokwenda sikuwa nalo, na hakuna aliyekuwa nalo pale shuleni. Nikamwelekeza kwa direkteri. Alinitazama kidogo, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Sikumwona tena yule mtoto darasani. Miaka miwili baadaye nilimkuta sokoni anasukuma mkokoteni wa magunia. Alisimama, akauweka chini, akanisalimia kwa heshima: "Mwalimu, jambo." Sikujua niweke wapi uso.

Tangu hapo nina neno langu moja, nanyi mlichoka kulisikia mezani: asiyefungua daftari asitoze. Iwe shule, kanisa, komini, Kinshasa au serikali yenu ya dunia.

Nimetafuta kama dunia imewahi kuliwaza jambo la mlangoni, nikaona imeliwaza. Umoja wa Mataifa unatoza kila nchi kadiri ya uwezo wake. Kwenye bajeti ya kawaida hakuna nchi inayopangiwa zaidi ya asilimia 22, na iliyo maskini kabisa hupangiwa asilimia 0.001. Kisha kuna kifungu cha 19 cha Mkataba wao: nchi ikifikisha deni la michango ya miaka miwili, inapoteza kura katika Baraza Kuu. Nikasema, haya, orodha ya direkteri hii hapa. Lakini kifungu kinaendelea. Baraza linaweza kuiachia kura yake likiridhika kwamba imeshindwa kulipa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Somalia na Komoro zimeachiwa kwa njia hiyo zaidi ya mara moja. Mstari ule niliusoma, nikavua miwani, nikausoma tena. Sisi chini ya mwembe hatukuuandika. Ungekuwepo mstari mmoja tu, ningeuonyesha kwa direkteri.

Hapo nikataka kukuandikia kwamba ndiyo, inawezekana, waulizeni wa New York. Kisha nikajipinga mwenyewe. Maana mlango una upande wa pili. Mwaka 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe kodi isiyopungua asilimia 15 popote zilipo. Kenya na Nigeria zilikataa kuingia, na sizilaumu, ndiyo maana ya hiari. Lakini Januari 2025 rais wa Marekani alitangaza kwamba mapatano hayo hayana nguvu nchini mwake, na mwezi uliofuata wajumbe wake wakatoka kwenye mazungumzo ya mkataba wa kodi wa Umoja wa Mataifa, mkataba ambao nchi za Afrika ndizo zilizousukuma. Mama wa ndagala akishindwa, anatolewa. Mwenye lori akikasirika, anatoka mwenyewe, na wote wanamkimbilia kumbembeleza. Waulize wenzako: katika hiari yao, nani atasimama mlangoni siku mkubwa anapotoka?

Na kuhusu jamii kujiamulia mambo yake, mwanangu, mtu wa Katanga yetu hii hawezi kulisema neno hilo bila kushusha sauti. Tulijitenga na Kongo Julai 1960, ikaisha Januari 1963, na wazee wetu walibaki wakizika watu. Mwaka wa 1992 na 1993 neno likarudi, safari hii dhidi ya majirani wenye asili ya majimbo ya Kasai. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye chumba chake kilipakana na changu, alizaliwa hapa hapa, akafukuzwa na waliozaliwa naye. Shangazi yako alimpa godoro la njiani. Watu walilala wiki na wiki kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengine hawakuipanda. Nayo iliitwa kujitawala. Kwa hiyo mtu akiniambia jamii iamue yenyewe, namuuliza kwanza jamii ni nani, na nani ameshika orodha.

Lakini usidhani naikataa. Kodi ya madini inanivuta upande mwingine. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema katika mrabaha, malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, asilimia 50 ni ya Kinshasa, 25 ya jimbo, 15 ya komini, sekta au usultani ambamo mgodi umo, na 10 inawekewa vizazi vijavyo. Ile 15 naipenda, kwa sababu mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi ofisi ya burugumesta akamwambia nionyeshe. Kinshasa utakwenda kwa miguu? Katiba ya 2006 ilisema asilimia 40 ya mapato ya taifa yazuiwe hapa hapa majimboni yanapokusanywa. Haikutekelezwa kama ilivyoandikwa. Pesa hupanda kwanza, halafu hushuka zikiwa zimekonda, kama primu yetu. Kwa hiyo ndiyo, jamii ikijitawala daftari linasogea karibu. Tatizo langu ni kwamba na mkono unaofukuza unasogea karibu vile vile. Kila nikifika hapa ninakwama.

Septemba 2019, mwaka wangu wa mwisho kazini, serikali ilitangaza shule ya msingi ya umma bila malipo, kama katiba ilivyokwisha ahidi. Kwa mara ya kwanza tangu 1993 nilianza mwaka bila orodha. Watoto waliingia mpaka wakakaa sakafuni, na wenzangu walilalamika, nami niliwaelewa. Lakini nilisimama mlangoni asubuhi ile nikiwa sina karatasi mkononi. Ni kodi ya lazima, mwanangu, ya mtu asiyeulizwa chini ya mwembe wowote, iliyofungua mlango uliofungwa na kodi yetu ya hiari. Ulimi unaniwasha kukwambia basi hilo ndilo jibu. Siwezi, kwa sababu serikali hiyo hiyo haijanionyesha daftari lake hata leo, na asiyefungua daftari asitoze. Nimeandika sentensi ya hukumu mara mbili, nimeifuta mara mbili. Mtanisamehe wewe na wenzako.

Kuna jambo moja ambalo hatujawahi kuliongea. Ulikuwa darasani siku ile, benchi la pili. Watoto wa walimu hawakulipa primu, kwa hiyo jina lako halikuwa kwenye orodha yoyote. Jioni mama yako alipika bukari na ndagala, na wewe hukunyosha mkono kwenye sahani. Ukaniuliza, "Papa, na mimi nimelipa?"

Nikakwambia kula, bukari inapoa.

Papa yako