Kabla hujanunua dawa ya matango, jua ni kirusi gani

Nilimaliza chupa mbili za dawa ya wadudu nikitibu matango ambayo hayatibiki. Majani machanga yalikuwa yamekunjamana, yana mabaka ya njano, na kati ya mishipa uvimbe wa kijani kibichi kama malengelenge. Mwanzoni nilidhani ni njaa ya mbolea, nikaweka mbolea. Matunda yalipoanza kutoka na vinundu ndipo nikakimbilia bomba.

Sikujua jinsi ugonjwa wenyewe unavyosafiri. Virusi vya batobato, yaani ugonjwa huu wa mabaka, vinavyojulikana kwa vifupi vya CMV na ZYMV huenezwa na vidukari, wale wadudu mafuta. Kidukari anapotua huchoma jani kwa sekunde chache tu kulionja, na kuonja huko kunatosha kuchukua kirusi na kukipeleka mche wa pili. Dawa haimwahi. Wakati mwingine humchokoza tu, akaruka mmea hadi mmea akieneza zaidi. Virusi vinavyoenezwa na inzi weupe ni habari nyingine: inzi hao huhitaji kunyonya kwa muda mrefu zaidi, hivyo kuwapunguza wadudu kunasaidia.

Msimu uliofuata nilinunua mbegu sugu, ya bei juu, nikalala usingizi. Batobato ikarudi. Safari hii nilipeleka majani maabara, na jibu likanifungua macho: virusi viwili ndani ya jani moja. Pakiti iliandika sugu dhidi ya ZYMV. CMV haikutajwa popote, ila mimi nilikuwa nimesoma neno "sugu" nikaishia hapo.

Na hata kirusi kilichotajwa kwenye pakiti si kimoja. Vinasaba vya virusi hivi ni RNA, na vinaponakiliwa makosa hayasahihishwi, kwa hiyo kila mmea mgonjwa hubeba kundi la ndugu wanaotofautiana kidogo. CMV ndiyo mjanja zaidi: vinasaba vyake vimegawanyika vipande vitatu, na aina mbili zikikutana kwenye mmea mmoja zinaweza kubadilishana vipande. Tena inashambulia zaidi ya spishi 1,000 za mimea, magugu ya pembeni mwa shamba yakiwamo. Ndiyo maana mbegu iliyofanya vizuri kwa mwenzako inaweza kukuangusha wewe.

Siku hizi nafunika miche kwa wavu mwepesi tangu siku ya kwanza. Maua ya kike yakitokea nautoa, la sivyo nyuki hawaingii na hutavuna kitu. Magugu nayaondoa kabla ya kupanda, kwa sababu ukipalilia miche ikishaota unawafukuzia vidukari kwenye matango. Sipandi zao jipya kando ya la zamani. Mche ukionyesha batobato wiki za mwanzo nang'oa siku hiyohiyo, hata ukiuma moyo. Shamba likishaanza kuvunwa sihangaiki, nachuma tu.

Jihadhari na CGMMV, kirusi kingine cha batobato ya matango, kwa kuwa hicho hakihitaji mdudu. Hupita kwenye mbegu, mikono na mkasi wa kupogolea, na hubaki kwenye masalia ya mimea udongoni. Mkasi wangu nausafisha kwa dawa ya kuua vijidudu kila nikimaliza tuta. Mbegu za kutunza sichukui kwenye mmea wenye dalili, hata tunda lake liwe zuri namna gani.

Na pakiti ya mbegu naisoma mpaka maandishi madogo ya nyuma, vifupi vyote vya virusi, kimoja kimoja.