Maswali ya jikoni: Saa 12:30 jioni, na sufuria bado iko kabatini

Wengi mlioandika safari hii ni wazazi wa watoto wadogo, na maswali yenu karibu yote yanazunguka pale pale: chakula cha usiku, siku za kazi, muda hakuna. Baadhi nimeyafupisha. Mliouliza mapishi ya sherehe mnivumilie.

Swali: Nafika nyumbani saa 12:30 jioni. Wanangu, miaka 3 na 5, wanatakiwa wawe kitandani saa 2. Nipike nini cha maana kabla hawajaanza kulia? Tumeshazoea mkate na siagi.

Kwanza, mkate na siagi si dhambi. Ongeza yai la kuchemsha na tunda, hicho ni chakula cha jioni, na asikutishe mtu.

Ila ukitaka kitu cha moto, mkombozi wako ni dengu nyekundu zilizokobolewa, zile ndogo zilizopasuliwa. Haziloweki, na zinaiva kwa dakika 15 hadi 20. Kikombe 1 cha dengu kwa vikombe 3 vya maji, bandika kabla hujavua hata viatu. Zikichemka zitatoa povu. Liengue, punguza moto, tia bizari kidogo. Jiko la pili bandika wali. Kwenye kikaango kaanga kitunguu maji, kitunguu saumu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, kisha mimina humo dengu zilizoanza kurojeka. Dakika 3 za mwisho tupia mboga za majani ulizokatakata nyembamba. Ukishaepua, kamulia limau. Limau hilo si la ladha tu: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu, na watoto wa umri huo wanayahitaji sana.

Siku nyingine chemsha tambi, na zikiwa jikoni pasha nyanya na kitunguu, uvurugie humo sadini wa kopo. Mifupa yao ni laini, inapondeka kwa uma na haionekani, nayo ndiyo yenye kalsiamu. Siku ya tatu kaanga mayai na viazi vilivyobaki jana, tia njegere, basi.

Mbio hizi zinashindwa au kufaulu kwenye mpangilio. Kinachochelewa kuiva ndicho kinaanza. Ukianza kumenya karoti na maji hayajabandikwa, dakika 10 zimekwenda bure. Na wakati mnasubiri, wape watoto vipande vya tango. Mtoto mwenye njaa hasa hula mboga ambayo mezani angeisukuma pembeni.

Swali: Binti yangu wa miaka 4 hagusi kitu chochote cha kijani, ila saa 11 jioni anakunywa vikombe vikubwa vya maziwa. Mama mkwe anashauri tumsagie mboga ndani ya mchuzi asijue. Tufanye hivyo?

Sageni mkipenda, mchuzi utakuwa mzito na mtamu. Lakini msihesabu kwamba mmemfundisha kula mboga. Mtoto hujifunza chakula kwa kukiona, kukishika, kukinusa, na mara nyingine kukitema. Kilichofichwa hajakutana nacho.

Kukataa vyakula vigeni ni jambo la kawaida kati ya miaka 2 na 6, tena hata vile alivyokuwa akivila alipokuwa mdogo zaidi. Huenda ikabidi akutane na chakula kilekile mara 10 hadi 15 ndipo akikubali, na wazazi wengi huchoka kwenye mara ya tatu au ya nne wakatangaza kwamba "huyu hapendi". Muwekee kidogo, kijiti kimoja cha maharage machanga, kando ya kitu anachokipenda. Msiseme neno. Akikiacha, ondoeni sahani kwa amani, na keshokutwa kirudi.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa jukumu hili kwa namna ninayoikubali: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Wazazi wengi tunayashika yote mawili, kisha tunashangaa meza imegeuka uwanja wa vita. Hongo ya "maliza mboga nikupe peremende" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamthibitishia kwamba mboga ni adhabu na peremende ndiyo zawadi.

Jambo la mwisho kuhusu binti huyu: umesema anakunywa vikombe vikubwa vya maziwa saa 11 jioni. Basi saa 1 ameshiba. Hilo lishughulikieni kabla ya mboga. Sogezeni maziwa yawe sehemu ya mlo, na kikombe kiwe kidogo.

Swali: Mwanangu ana miezi 9. Nampikia sufuria yake peke yake kila siku na nimechoka. Kuna ubaya akila tunachokula?

Hakuna, mradi umpakulie mapema. Pikeni chungu kimoja bila chumvi na pilipili, toa sehemu ya mtoto, kisha ungeni ya wakubwa. Mtoto wa chini ya mwaka hahitaji kuongezewa chumvi, na kidonge cha supu kimejaa chumvi kuliko watu wanavyodhani. Viungo vingine kama bizari, binzari nyembamba, tangawizi kidogo na giligilani havina neno.

Usimsagie mpaka iwe uji. Kwa miezi 9 anaweza kula kilichopondwa kwa uma chenye vibonge laini, na vipande laini vya kushika mwenyewe. Kipimo changu ni vidole: kipande kikipondeka kirahisi kati ya gumba na kidole cha shahada, kwa ufizi wake nacho kitapondeka.

Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, hata iliyopikwa ndani ya chakula, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaodhoofisha misuli, kwa watoto wachanga. Maziwa ya ng'ombe yanaruhusiwa ndani ya mapishi, ila kinywaji chake kikuu kibaki maziwa ya mama au ya kopo ya watoto.

Swali: Wali uliobaki usiku nauacha kwenye sufuria jikoni, asubuhi napasha vizuri na kuwafungia watoto. Mume wangu ananikataza. Nani yuko sahihi?

Mume wako. Samahani.

Mchele mbichi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa usiku kucha kwenye joto la jikoni, zinachipua, bakteria wanazaliana na kuacha sumu. Sumu yenyewe haiondoki kwa kupashwa, hata uchemshe hadi mvuke ujaze nyumba. Matokeo yake ni kutapika na kuhara, na mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi.

Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa 1, uliwe kesho yake na upashwe mara moja tu, mpaka uwe wa moto kotekote. Kilichobaki hapo kitupwe. Vyakula vingine vilivyopikwa vinaruhusu kukaa nje kwa muda wa hadi saa 2, lakini kwa wali mimi silegezi.

Swali: Nimenunua sufuria ya umeme inayopika polepole. Naweza kutia maharage mekundu asubuhi nikayakuta yameiva jioni?

Yakiwa mabichi, usifanye hivyo. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko mkali, na sufuria hizo mara nyingi hazifiki joto hilo. Yaloweke kwa angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu kwenye maji mapya kwa dakika 30, kama inavyoshauri mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Baada ya hapo sufuria yako iendelee. Ya kopo yameshapikwa, yasuuze tu kupunguza chumvi.

Swali: Mboga za kugandisha hazijapoteza virutubisho?

Kidogo sana. Nyingi huchumwa zikiwa zimekomaa na kugandishwa haraka, hivyo zinaweza kuzishinda "mbichi" zilizokaa siku 5 ndani ya friji yako. Zipike bila kuziyeyusha kwanza.

Swali: Soseji na zabibu ndivyo vitu pekee ambavyo wanangu wa miaka 2 na 4 hula bila ugomvi. Niendelee?

Zabibu ndiyo, soseji mara mojamoja kwa sababu ya chumvi. Ila vyote viwili vikikatwa vibaya vinaziba koo la mtoto barabara. Zikate kwa urefu, kila zabibu vipande 4. Soseji iliyokatwa miduara ndiyo hatari yenyewe. Karanga nzima na bisi zisubiri mpaka miaka 5, na chakula kiliwe mtoto akiwa ameketi, si akikimbia sebuleni.

Swali: Kila mtu anasema nipike Jumapili chakula cha wiki nzima. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika.

Basi pumzika. Kula mchuzi wa Jumapili siku ya Ijumaa si jambo la kutamani, na vyakula vingi vilivyopikwa havitakiwi kukaa kwenye friji zaidi ya siku 3 au 4.

Mimi napendekeza usipike siku ya ziada, bali uzidishe kile unachopika tayari. Unakaanga kitunguu na nyanya? Kaanga vya mara tatu, gawa kwenye vibakuli, gandisha. Unachemsha maharage? Chemsha sufuria nzima, mengine yaingie friza yakiwa yamefungwa bapa kwenye mifuko ili yayeyuke upesi. Hizo ndizo kazi zinazokula muda jioni. Na kila mfuko uandike ni nini na tarehe ya siku hiyo, maana baada ya wiki mbili mchuzi wa nyanya na supu ya karoti havitofautiani.